Nilimwita mzembe

Nimerudi sasa hivi kutoka kliniki hapa Mtwara na mdogo wangu.

Alikaa miezi saba bila kutumia unga, yaani dawa za kulevya. Mvua ikaharibu korosho zetu, wadai wakawa wanabisha hodi alfajiri. Akarudia.

Nilimwita mzembe. Naumia kuliandika hili.

Nesi katueleza: ukizidiwa na msongo, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli, na homoni hiyo huweza kuufanya ubongo uitikie dawa za kulevya kwa nguvu zaidi. Hata panya wa maabara wakisumbuliwa, huwahi kujizoesha kokeini.

Mdogo wangu akashika ukingo wa benchi. "Kwa hiyo si uzembe tu, dada?"

Sauti ndogo kabisa. Bado naisikia.

Mliowahi kuuguza mtu hivi, nyumbani mlimpunguziaje mawazo? Niandikieni.