Jumba la Rwesero ambalo mwami hakulilalia

Hii ilikua kabla ya 2018, maana mwaka huo ndo makumbusho ya sanaa yalitolewa jumba la Rwesero, mjini Nyanza, yakapelekwa Kanombe, Kigali. Nilikua nimeenda Rwanda kumsalimia shangazi yangu aliyeolewa huko, akaniambia mwanangu hurudi Bukoba hujaona Rwesero, basi asubuhi tukapanda basi stendi ya Nyabugogo, Kigali, tukashuka Nyanza tukachukua pikipiki mpaka kilimani.

Kichwani nilikua nawaza ile nyumba ya nyasi ya wafalme, kumbe hiyo iko Rukari, kilima kingine, nayo imejengwa upya. Rwesero ni jumba la kisasa la miaka ya hamsini, alijengewa mwami, yaani mfalme wa Rwanda, Mutara wa 3 Rudahigwa, na hakuwahi kuishi humo. Julai 1959 alifariki ghafla Bujumbura, enzi hizo ikiitwa Usumbura. Shangazi alinihadithia hayo tumesimama nje, akasema mama mkwe wake alikua binti mdogo habari ilipofika na mpaka anazeeka alikua akiitaja anafuta machozi.

Ndani sasa, vyumba vya mfalme vimejaa picha na vinyago vya Wanyarwanda. Kilichonishika ni ubao mmoja wa imigongo. Hiyo ni kazi ya kinamama wa mashariki kule Kibungo, wanachukua mavi ya ng'ombe wanachanganya na majivu, wanayainua kwa vidole juu ya ubao yanakua matuta membamba yamenyooka kabisa, yakikauka wanayasugua alafu ndo rangi, nyeusi, nyeupe, nyekundu. Nikainama karibu, chini ya ile nyeusi unaona kabisa pale kidole kilipopita. Bibi yangu alikua anasiriba sakafu kwa mavi hayohayo, naijua ile kazi, naijua harufu yake, na hapa imetundikwa kwenye ukuta wa mwami. Nilifurahi mpaka shangazi akanishika mkono.

Niliposikia vimehamishwa niliumia, kusema kweli. Sikatai, Kanombe iko jirani na uwanja wa ndege, wageni wanafika kirahisi, na yenyewe ilikua ikulu ya rais Habyarimana. Ila jumba la Rwesero lilikua tayari limepata kazi ya kufanya baada ya kukosa mwenyewe, mi ningeviacha palepale, shangazi naye anasema hivohivo na kila nikimpigia simu tunairudia.