Kupanda Mto Nisqually, Kutoka Baharini Hadi Ohop

Mto Nisqually unaanzia kwenye barafu ya Mlima Rainier, jimbo la Washington, Marekani, na kuingia ghuba ya Puget Sound baada ya kilomita 130 hivi. Niliufuata kwa kupanda, njia wanayopita samaki samoni wakirudi kuzaa.

Mlangoni mwa mto, unapoingia baharini, nilikuta maji yamekupwa. Daraja la mbao linakupitisha juu ya tope ambalo kwa miaka 100 hivi lilikuwa shamba, likilindwa na tuta dhidi ya maji ya chumvi. Tuta lilivunjwa 2009, bahari ikarudishiwa hekta 308. Vifaranga vya samoni aina ya chinook hukaa humu wakinenepa na kuizoea chumvi. Lakini ardhi iliyofungiwa bila mchanga wa mto hudidimia, na huko juu bwawa la Alder, la 1945, linazuia sehemu kubwa ya udongo. Pale palipozama zaidi majani ya kinamasi yanarudi polepole, maana hayastahimili kufunikwa na maji muda mrefu.

Chinook wa Puget Sound waliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1999. Mwaka mmoja kabla, jimbo lilikuwa limetunga sheria inayoacha kila bonde la mto lipange lenyewe kazi za kuwarejesha samoni. Hapa mratibu ni kabila la Nisqually, nami naona ndivyo inavyopasa: hakuna anayeujua mto huu kwa vizazi vingi kama wao. Kamati ya wataalamu hupima faida kwa samaki, kamati ya wananchi hupima kama majirani watakubali, na orodha ya miradi iliyopangwa kwa ubora hupelekwa kwenye bodi ya jimbo inayogawa fedha za jimbo na za serikali kuu. Kwa muda mrefu mwombaji ametakiwa kuchangia asilimia 15 ya gharama. Saa za wanaojitolea na magogo ya msaada huhesabiwa humo, mradi ziwe zimeandikwa.

Kinachowakwamisha vikundi vidogo ni namna ya kulipwa. Kwa kawaida unatumia kwanza, unapeleka risiti, ndipo unarudishiwa. Mkandarasi wa ekskaveta, mashine ya kuchimbia, hasubiri, kwa hiyo asiye na akiba au mkopo wa muda mfupi hukwama hata kama fedha zimekwisha idhinishwa.

Karibu na mji wa Eatonville niliteremka hadi mto Mashel, unaoingia Nisqually. Magogo yenye mizizi yake yamepangwa kingoni, yakabanwa na nguzo zilizopigiliwa chini na kulemewa kwa mawe. Maji yakigonga hapo huchimba kidimbwi chenye baridi, na nyuma yake hutua kokoto. Gogo lisilolemewa vya kutosha huelea mafuriko ya kwanza na kwenda kuziba daraja la mtu. Kazi ya ndani ya maji huruhusiwa kiangazi tu. Kwanza samaki huvuliwa na kuhamishwa, wavu ukiwekwa juu na chini ya eneo, kisha maji hupitishwa pembeni kwa pampu zenye chujio. Kibali kikichelewa, unasubiri mwaka mzima.

Kiota cha samoni unakitambua ukishajua: doa jeupe la kokoto zilizosafishwa kwa mkia, katikati ya nyingine zenye ukungu wa kijani. Mayai yapo chini yake. Tope laini likijaa kati ya kokoto, maji yenye oksijeni hayapiti, na mayai hufa humo humo.

Kijito cha Ohop, nacho tawi la Nisqually, kilinyooshwa na wakulima wa zamani kiwe mtaro. Kuanzia 2009 kilichimbiwa njia mpya yenye kona, na miti ya asili ikapandwa bondeni. Hapa ndipo fedha hupungua mapema. Kuchimba hupata mfadhili haraka kwa kuwa kunaonekana. Kupalilia hakumvutii mtu. Nyasi ya kigeni ya kinamasini hupita kimo cha mtu na kuifunika miche, panya wakitafuna magome chini yake. Mche wa mwerezi niliouchungulia ndani ya bomba lake la plastiki ulikuwa hai, ncha ikiwa ya kijani, lakini nyasi zilikwisha ufikia mdomo wa bomba. Mche wa namna hiyo huhitaji kufyekewa pande zote kila kiangazi, miaka mitatu hadi mitano, na gharama hiyo inafaa iandikwe kwenye ombi la kwanza, kabla ekskaveta haijashushwa.