Rola kosta kubwa kuliko zote duniani iko karibu na Riyadh, na watu wetu wako hapohapo

Tarehe 31 Desemba 2025, wakati huku Kampala kila mtu anajipanga kwa mkesha na fataki, kule Saudia wakafungua Six Flags Qiddiya City, paki kubwa ya burudani nje ya mji wa Riyadh, na ndani yake iko ile kitu nimeisubiri miaka mingi: Falcons Flight, rola kosta, yaani treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli. Mita 195 kwenda juu. Mwendo kilomita 250 kwa saa. Reli yenyewe mita 4,250. Jamani, mashine moja imefagia rekodi tatu kwa mpigo!

Na rekodi zenyewe hazikuwa za juzi. Ya mwendo ilikuwa ya Formula Rossa pale Abu Dhabi, 240 kwa saa, wameishika tangu 2010. Ya urefu wa reli ilikuwa Japani, Steel Dragon 2000, mita 2,479, hiyo ilikaa robo karne na mimi nilishaanza kuamini haitaguswa. Ya kwenda juu ilikuwa Marekani, Kingda Ka ya New Jersey, mita 139, ile waliifunga 2024 halafu Februari 2025 wakailipua kwa baruti ikaanguka chini yote, video nimeitazama mara nyingi na bado inaniuma, maana niliipenda sana ile mashine.

Lakini tuseme ukweli, Kingda Ka ilikuwa ni mnara tu. Unarushwa mbele kwa kasi, unapanda wima, unageuka kileleni, unashuka wima, unavuka kilima kimoja kidogo, kwisha, kama sekunde 28 hivi. Ilikuwa inasukumwa na mfumo wa haidroli (nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo) unaovuta kebo ya chuma, na siku nyingine treni ilikuwa inakosa nguvu kidogo ya kuvuka kilele inarudi nyuma ilikotoka, breki zinaidaka pale chini, abiria wanarushwa tena. Walijenga ule mnara kwenye ardhi tambarare, chuma chote kile kwa ajili ya kupanda na kushuka mara moja.

Hawa wa Qiddiya wamefanya kitu ambacho kwangu mimi ndiyo akili yenyewe: wametumia mlima. Pale kuna genge la mawe linaitwa Tuwaiq, ukuta wa mlima unaokata jangwa, na treni inapandishwa mpaka juu ya genge halafu inatupwa ukingoni kwenda bondeni, mita 158 za kushuka. Ndugu zangu wa Mbale na Kapchorwa mtanielewa haraka: simama chini ya yale maporomoko makubwa ya Sipi, yale ya mita kama 100, inua kichwa mpaka shingo iume, halafu ongeza Sipi nyingine nusu juu yake. Hapo ndipo treni inatokea. Na ikifika chini haipumziki, inaongezewa mwendo tena, ndipo inafika ile 250, halafu inapanda kilima cha chuma kilichosimama chenyewe bila kuegemea genge, na hicho kilima peke yake ni kirefu kuliko Kingda Ka. Safari nzima inapita dakika tatu.

Inaendaje bila injini ndani ya treni? Sumaku. Kwenye reli wameweka koili za umeme (nyaya zilizoviringishwa, umeme ukipita zinakuwa sumaku), chini ya treni kuna sumaku kali, na kompyuta inawasha koili kwa zamu, ile ya mbele inavuta, ukiifikia inabadilika inakusukuma huku nyingine ya mbele inavuta tena, haraka haraka, kwa hiyo treni inakimbia bila kebo, bila mnyororo wa kuivuta. Waliotengeneza ni kampuni ya Intamin ya Liechtenstein, walewale waliotengeneza Kingda Ka na Formula Rossa, yaani wamevunja rekodi zao wenyewe mbili.

Mama alipoona video kwenye simu yangu aliuliza swali moja tu, sasa ikikatika? Nikamweleza na nawaeleza na nyinyi, kwa sababu najua ndilo swali la kila mzazi. Magurudumu ya rola kosta hayakai juu ya reli tu kama ya treni ya mizigo. Yako juu ya reli, yako pembeni, na mengine yako chini yake, yanaikumbatia reli pande tatu, kwa hiyo haiwezi kuruka nje hata ikipita juu ya kilima kwa kasi ile na wewe unajisikia unaacha kiti. Na breki za sumaku hazingoji umeme. Umeme ukipotea (na sisi kupotea kwa umeme tunakujua vizuri) sumaku bado ni sumaku, treni ikipita kati yake inapunguza mwendo yenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho akasema sawa, lakini wewe usipande. Sawa mama, tutaongea.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hizi rekodi miaka yote zilikuwa mbali sana na sisi. New Jersey, viza yenyewe ni kilio. Japani hata usiseme. Lakini Riyadh? Niambie mtaa gani hapa Kampala hauna mtu Riyadh. Makadama (wafanyakazi wa ndani), askari wa getini, madereva, wako huko maelfu kwa maelfu, wanatuma ada za shule na mabati ya nyumba, na picha zao tunazoziona ni za jikoni na za uwanja wa ndege tu. Mimi nataka kuwaona juu ya Tuwaiq wakipiga kelele. Nasema kwa moyo wote.

Binti ya shangazi yangu anafanya kazi ya nyumbani kule. Watoto wa bosi wake walienda wakarudi hawana sauti, wakamsimulia usiku mzima, na yeye akanitumia voisi ndefu akinisimulia mimi, na kwenye ile voisi nilisikia hamu. Tiketi ya mtu mzima inapita riyali 300, kwake hiyo ni karibu theluthi ya mshahara, na kwanza lazima apewe ruhusa ya siku nzima, na wenzake wengi hawaipati. Ndiyo maana sisi jamaa tumekubaliana mwezi mmoja asitume kitu. Hakuna mtu atalala njaa. Ile pesa ni yake, akatafute wenzake wawili watatu wa Uganda waende pamoja sikukuu ya Idi, bosi ameshakubali.

Sasa ubishi uliobaki ni kiti. Yeye anataka mbele kabisa aone bonde lote. Mimi nimemwambia nenda nyuma, kwa sababu treni ni ndefu, kichwa kikishaanza kushuka genge kinavuta mkia, wa nyuma ndiye anavutwa ukingoni kwa nguvu kuliko wote, anashushwa kabla hajajiandaa. Amejibu atapanga foleni mara mbili.