Viraka 180 na kanga ya mama

Blanketi langu la viraka lilianza na kiroba cha makapi. Fundi aliyeninyooshea gauni la harusi ya mdogo wangu alikuwa akifagia vipande vya vitenge ili akavichome, nikamwomba. "Chukua, dada, unaniondolea taka."

Ujuzi wangu ulikuwa kukunga pindo na kurudishia vifungo, basi. Ila nilishaona picha za mablanketi ya viraka ya akina mama wa Gee's Bend, Alabama, kule Marekani, wanaoshona hata kwa nguo kuukuu za kazi. Mistari yao huenda upande ikapendeza. Yangu ilienda upande tu.

Hesabu ilikuwa rahisi: viraka vya inchi tano na nusu, robo inchi iliwe na mshono kila upande, kumi na viwili kwa upana na kumi na vitano kwa urefu. Safu ya kwanza ilipokamilika nikaipima: badala ya inchi 60 na nusu, hamsini na saba na robo tatu! Nikairudisha kwa fundi. Akacheka, akabandika solotepu kwenye bamba la cherehani, robo inchi kamili kutoka sindano ilipo. "Macho yako yanakudanganya. Fuata hii." Nusu ya robo inchi tu niliyokuwa nazidisha, lakini kwa pande mbili, mara mishono kumi na mmoja. Nikafumua yote.

Kuchuja rangi nako kulinifunza. Kitenge chekundu ambacho sikukiloweka kwanza kiligeuza viraka vyeupe saba kuwa vya waridi. Siku hizi kila kipande kinafuliwa na kupigwa pasi kabla mkasi haujakigusa, na sikati mshazari, maana kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika.

Katikati nilitia blanketi kuukuu, chini shuka. Mara ya kwanza nilipiga bandi kuanzia pembeni, kitambaa kikajikusanya katikati kikatuna kama andazi. Anzia katikati, utandaze kuelekea kingo. Cherehani ikagoma unene ule, nikadarizi kwa mkono, subana kidoleni, miezi minne ya jioni. Nilipenda sehemu hiyo kuliko zote, ingawa shingo haikupenda.

Kabla ya hayo, viraka vilipopungua, mama alinipa kanga yake iliyochanika, ya "Hasidi hana sababu". Akasema, "Kata popote, mwanangu, jina usilikate." Nililikata. Si kwa kusudi. Nilikuwa nimeikunja mara nne, nikapitisha mkasi. Nusu ya jina nikaishona katikati, nikidhani haitaonekana kwenye maua yale yote.

Nilipomtandazia kitandani, alivaa miwani, akainama, akasoma polepole.

"Hana sababu," akasema. "Nani?"