Kadi ya Roger Milla sokoni Kibuye

Jana nilikuwa nikipekua magazeti ya zamani soko la Kibuye, hapa Kisumu, kadi ikadondoka: mwanasoka Roger Milla, jezi ya kijani, pembe moja imekunjika. Mama muuzaji akataka shilingi 50 tu. Moyo ulinidunda! Milla alikuwa ameshastaafu timu ya taifa ya Kameruni, akaitwa tena, akaenda Kombe la Dunia Italia 1990 akiwa na miaka 38. Akitokea benchi alifunga mabao 4, na ile ngoma yake kwenye bendera ya kona! Mwaka 1994, akiwa na miaka 42, akawafunga Warusi. Marehemu baba aliisimulia robo fainali ya 1990 ambayo Kameruni walifungwa 3-2 na Uingereza kama msiba wa nyumbani. Kadi nimeiweka ndani ya Biblia yake.