Nimefika na Mbalamwezi

Jumamosi usiku, Kayenze.

Mimi mtoto wa Tanga, mjukuu wa mvuvi, nimesafiri hadi Mwanza, Ziwa Victoria, kuangalia taa za wavuvi wa dagaa, na nimefika usiku wa mwezi mpevu. Naanza na hilo nisije nikajisifu huko mbele.

Kilichonivuta ni picha aliyonitumia binamu yangu: ziwa jeusi, taa zimetapakaa hadi macho yanapokomea, utadhani kuna mji mwingine kule majini. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa hufuata mwanga, wavuvi wakawazungushia wavu. Basi nikapanga: daladala kutoka mjini, mtumbwi wa injini jioni, tuelekee upande wa kisiwa cha Bezi, giza litukute majini.

Nahodha, kijana tu, alinipa jaketi okozi kabla hata ya kutaja bei. Nikatulia kidogo. Watu wa rika langu tukipanda chombo ziwa hili tunaikumbuka MV Bukoba, meli iliyozama Mei 1996, hata tusiposema. Tulipoacha mwalo nikauliza swali langu la kitaalamu.

"Kaka, maji yanapwa saa ngapi?"

"Yanafanyaje?"

"Yanapwa. Yanarudi nyuma."

"Yaende wapi, dada?"

Nikanyamaza. Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, mawimbi yanapiga, ng'ambo huioni; mwili wangu ulishaamua kuwa hii ni bahari. Ulimi ndio uliokataa. Maji yaliponirukia mdomoni nilisubiri chumvi, haikuja. Na harufu ya mwani haipo. Kuna dagaa, moshi wa kuni na ubichi wa magugumaji.

Jua likazama, nikatoa simu. Nyuma yetu mwezi ukachomoza, mwekundu, mpana kama sinia. Nikasubiri taa. Hata moja.

"Tumeingia mwezi," nahodha akasema, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni kuwa duka limefungwa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, hivyo mitumbwi inapumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. "Ungeuliza kabla."

Ningeuliza! Babu yangu kule Tanga alivua dagaa kwa taa vilevile. Kuna siku alikuwa akishinda nyumbani, anatutengenezea vigari vya makopo, jioni anatusimulia hadithi uani kweupe kama mchana. Miaka yote hii nimeamini kuwa babu alitupenda zaidi mwezi ukiwa mkubwa.

Tulirudi mapema, na bei haikupungua.

Mwalo ulikuwa umejaa wanaume wasio na haraka. Wawili walikuwa wanakalafati mtumbwi uliopinduliwa, wanashindilia pamba kwenye nyufa kwa patasi na nyundo, kazi niliyodhani ni ya pwani peke yetu. Wengine walikuwa kwenye hesabu na tajiri wa mitumbwi, sauti zikipanda na kushuka, nikapita mbali. Kinyozi alikuwa na foleni. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa anafunga gunia lake la mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kununua au kupiga picha?"

Nikasema kununua. Akanifundisha, bila kuombwa, kutofautisha dagaa wa kichanja na wa mchangani: weka mmoja mdomoni, tafuna, ukisikia mchanga, huyo mwachie kuku. Tukatafuna wote wawili kama waonja chai. Akanipimia sado moja, akaongeza konzi.

Sasa niko gesti. Mwezi unaingia dirishani kiasi kwamba ningeweza kuandika bila taa. Nje wanacheza drafti, na mmoja wao amempakata mtoto aliyelala, anasogeza kete kwa mkono mmoja. Mfuko wa dagaa nimeutundika nje kwa sababu ya harufu. Paka wameshajua.