Asilimia arobaini ya nini?

Barua humfikia mwalimu mkuu ikiwa na picha ya watoto wanaocheka. Kampuni italeta mwanariadha, muziki na medali, watoto watazunguka uwanja wakidhaminiwa na jamaa zao, na shule "haitoi hata ndururu", kwa kuwa kampuni itajilipa kwa asilimia 40. Biashara hii imezoeleka Uingereza na Marekani. Kwa shule ya Malindi, pwani ya Kenya, yenye paa linalovuja, inavutia. Kabla ya kusaini, bodi iulize: hiyo asilimia yenu mnaikata kwenye nini?

Tuseme shule ina watoto 420 na kadi za mchango 300 zimerudi, kila moja na shilingi 100. Hizo ni 30,000. Kampuni ikikata asilimia 40 ya pato lote, inaondoka na 12,000. Shule inabaki na 18,000, halafu inalipia hema na spika, tuseme 6,000, na kuchapisha kadi 420 kwa shilingi 5, yaani 2,100. Zimebaki 9,900. Shangazi aliyetoa mia yake kwa ajili ya paa, shilingi 33 tu ndizo zilizofika kwenye mabati. Gharama zikitolewa kwanza, shule inapata 13,140. Ikiandaa matembezi ya hisani yenyewe, 21,900, ila hapo walimu ndio watakaohangaika.

Pesa zisipitie kwenye Till ya kampuni, yaani namba yake ya kupokelea malipo ya simu. Tumieni Paybill ya shule, namba ya malipo ambayo mlipaji huandika pia namba ya akaunti, na namba ya kadi iwe ndiyo namba hiyo ya akaunti. Kampuni ilete ankara yake baadaye. Kadi 120 zisizorudi msizihesabu kuwa tupu, kwa kuwa huenda kuna mtu anazichangishia sokoni. Na ahadi si pesa: asilimia ikatwe kwenye kilichoingia benki, si kilichoandikwa kwenye kadi. Mkiona kifungu cha kima cha chini, ambapo pato likipungua shule hufidia pengo, kifuteni.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inataka malipo yoyote ya ziada katika shule ya umma yaidhinishwe na Waziri, na hairuhusu mtoto afukuzwe kwa kukosa kulipa. Kwa hiyo mchango uwe wa hiari kwelikweli, na asiye na kadi akimbie na wenzake. Zawadi ya baiskeli kwa aliyekusanya nyingi ikataeni. Huipata mwenye ami anayelipwa mshahara Mombasa, naye mtoto wa mvuvi, hasa wakati wa kusi bahari ikichafuka, anabaki kuinamisha kichwa. Picha za watoto kwa matangazo ya kampuni zinahitaji idhini ya mzazi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Isifichwe nyuma ya kadi kwa herufi ndogo.

Tarehe nayo ina hesabu yake. Msimu wa upepo wa kaskazi pesa huwa zinapatikana kiasi, lakini mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza Februari, basi ni mwishoni mwa Januari au baada ya Idi. Anzeni saa moja asubuhi, mmalize kabla ya saa tatu, maana mchanga ukishapata jua unaunguza nyayo. Maji nusu lita kwa kila mtoto ni lita 210, yaani madumu 11 ya lita 20. Shule ikiwa kisiwani Lamu, mahema na spika hupakiwa mashuani Mokowe, kisha hubebwa na hamali au punda hadi uwanjani. Mkataba useme nani anawalipa.